Swali Lililoulizwa Mbele ya Mkwe

Jumapili, tarehe 14 Machi 1982, saa nane na dakika ishirini mchana, Waridi binti Mwinyimvua alitapika kwenye sakafu ya zahanati, hatua mbili kutoka mlangoni. Hakutapika chakula. Yalikuwa maji matupu, kiasi cha vikombe viwili, yenye rangi ya majani ya mpapai yaliyopondwa.

Filbert, mganga msaidizi wa zamu, aliyatazama maji hayo kabla hajamtazama mgonjwa. Kijani ni nyongo. Mtu anayetapika nyongo siku ya tatu ya maumivu ya tumbo ana sababu chache tu za kufanya hivyo, na hakuna hata moja inayotibika kwa dawa ya minyoo. Dawa ya minyoo ndiyo aliyompa jana.

Alikuwa zamu tangu Ijumaa asubuhi. Mwenzake alikuwa amekwenda Mahenge kumzika baba yake, na basi la kumrudisha lilikuwa halijapata mafuta. Zahanati ilikuwa nyuma ya soko la Kariakoo: vyumba viwili, baraza, na bomba lililotoa maji asubuhi na kukauka mchana. Jumapili ilifunguliwa kwa dharura tu, lakini watu wa Kariakoo walikuwa na tafsiri yao ya neno hilo. Tangu asubuhi alikuwa ameshona vidonda viwili, ametoa punje ya hindi sikioni mwa mtoto, na amemjibu mzee mmoja aliyekuja kuuliza kama serikali imeleta sabuni hapo. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na siku hiyo magoti yalimwambia ana sitini.

Waridi alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa ameolewa miezi miwili iliyopita na Zahoro, fundi wa karakana ya reli pale Gerezani, na aliishi chumba cha pili katika nyumba ya mama wa Zahoro, Bi Sitara. Wote wawili walikuwa wamemleta, mume akimshika kwapani, mama mkwe akitangulia na mkoba wa nguo, kama mtu anayejua kwamba safari hii haitaishia hapa.

"Shikamoo, mama," alisema Filbert.

"Marahaba, baba. Dawa yako ya jana imerudi yote."

"Naona."

"Na sanamaki niliyompa Ijumaa imerudi. Tangu nizaliwe sijaona tumbo linalorudisha sanamaki. Nilidhani ni chango, nikamchemshia kikombe kizima ili lifunguke. Badala ya kufunguka ndiyo akaanza kujipinda."

Jani la sanamaki huusukuma utumbo ufanye kazi kwa nguvu. Utumbo uliozibwa ukisukumwa, hujisukuma dhidi ya kizuizi. Bi Sitara alikuwa amekosea kwa nia njema siku ya Ijumaa, naye Filbert alikuwa amekosea kwa cheti cha serikali siku ya Jumamosi.

Walimlaza kitandani. Tumbo lilikuwa limejaa, limekaza, na chini kidogo ya kitovu ngozi ilipanda na kushuka taratibu, kama kitu kilichomo ndani kilikuwa kinatafuta njia. Filbert alitafuta kovu la upasuaji, hakulikuta. Alitafuta uvimbe kinenani, haukuwapo. Alisikiliza kwa stetoskopu. Maumivu yalipokuja, zikaja na sauti nyembamba za juu, mfano wa maji yanayomiminwa kwenye chupa yenye shingo fupi. Maumivu yalipokwenda, sauti zilikoma.

Alichukua kadi ya jana. Katika mwandiko wake mwenyewe iliandikwa: *Tumbo linauma, siku mbili. Anatapika. Choo: amepata jana.* Neno hilo la mwisho ndilo lililomfanya aandike minyoo. Tumbo linalotoa choo halijaziba. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na alivyofundishwa ni kweli, endapo mgonjwa amesema kweli.

Alikumbuka jinsi alivyouliza. Ilikuwa Jumamosi saa nne, foleni imefika barabarani. Waridi alikuwa ameketi hapo hapo, na Bi Sitara amesimama nyuma yake, mkono begani. Aliuliza, "Choo umepata?" Msichana aliinamisha macho akasema, "Ndiyo, jana." Swali lilichukua muda wa kufumba na kufumbua.

"Mama," alisema Filbert sasa, "umeswali adhuhuri?"

"Nitaswali vipi, baba, na hali hii?"

"Kaswali barazani. Mimi nipo hapa. Zahoro, mtafutie mama mkeka."

Walipotoka alivuta pazia. Waridi alikuwa amejifunika kanga mpaka mdomoni.

"Choo umepata lini?"

Waridi aliikaza kanga mdomoni.

"Jana uliniambia umepata."

"Mama alikuwepo."

"Mara ya mwisho lini?"

"Alhamisi. Jioni."

"Na upepo?"

Alitikisa kichwa mara moja, kanga ikapanda mpaka machoni.

Filbert alichukua kalamu. Chini ya maneno ya jana aliandika: *Si kweli. Hakuna choo wala upepo tangu Alhamisi jioni. Niliuliza mbele ya mkwe.* Kisha akaandika saa, akatia sahihi.

Simu ilifanya kazi mara ya tatu. Hospitali kuu walisema gari la wagonjwa lipo, dereva yupo, gurudumu la nyuma halipo. Teksi hazikuonekana. Tangu saa nane mchana magari ya watu binafsi yalikuwa yamezuiwa, kama kila Jumapili, ili nchi iokoe mafuta, na mtaa mzima ulikuwa mtulivu kiasi cha kusikia mtu akipepeta mchele ghorofani.

"Kuna Bakili," alisema Zahoro. "Mkokoteni wake upo pale kwenye kona. Amelala juu yake."

Filbert alimpitishia Waridi mpira puani mpaka tumboni, na chupa mbili za maji ya kijani zikatoka. Alimtundikia dripu ya maji ya chumvi, chupa ya mwisho kabatini, akampa Zahoro aishike juu. Walimlaza Waridi kwenye mkokoteni juu ya magunia mawili ya makumbi ya nazi. Bakili, mchukuzi wa sokoni mwenye shingo nene kama gogo, alishika mipini akauliza kitu kimoja tu, kama mzigo huu unaweza kuinamishwa.

"Usiuinamishe," alisema Filbert.

Akafunga zahanati, akabandika karatasi mlangoni, akaenda nao. Saa nane na dakika hamsini na tano walikuwa barabarani.

Kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja askari mmoja aliinuka kutoka kivulini akanyanyua mkono.

"Mnaenda wapi na chombo hiki? Hamjui leo Jumapili?"

"Kilichokatazwa ni chombo cha moto, afande," alisema Bakili bila kusimama. "Hiki cha jasho."

Askari alitazama mpira uliotoka puani mwa Waridi, akatazama chupa mkononi mwa Zahoro, akatembea nao mpaka njia panda akiwasukumia watu pembeni. Hapo akarudi kivulini kwake. Bi Sitara alimwombea dua nzima bila kulijua jina lake.

Walifika hospitali kuu saa tisa na dakika thelathini na tano.

Daktari Marcelino, mpasuaji wa zamu, alikuwa mtu mrefu mwenye nywele za mvi upande mmoja tu. Huyu angekuwa mgonjwa wake wa nne siku hiyo. Alisoma kadi ya Filbert akiwa amesimama, akaisoma tena mstari wa mwisho.

"Uliuliza mbele ya mkwe."

"Ndiyo, daktari."

"Watu huwa hawaandiki mambo kama haya."

"Yametokea."

Daktari alimpapasa Waridi tumbo, taratibu, akitazama uso wake na si mikono yake. "Kovu hana. Ngiri hana. Imebaki minyoo iliyofumana, au utumbo uliojizungusha. Tutafungua tuone." Akamgeukia Filbert. "Umewahi kusaidia upasuaji?"

"Miaka sita. Hospitali ya misheni, kusini."

"Basi kanawe. Kijana anayenisaidia alikwenda Kibaha kusalimia, na Jumapili hakuna gari la kurudi."

Nusu kaputi ilianza saa kumi na moja na dakika tano. Saa kumi na moja na robo tumbo lilikuwa wazi.

Hapakuwa na minyoo. Filbert alilitambua hilo mapema kuliko lolote jingine, na halikumpa nafuu. Matanzi ya utumbo mwembamba yalikuwa yamevimba, yamejaa maji, isipokuwa moja, upande wa kulia, lililokuwa jeusi kama zambarau iliyoiva. Daktari aliingiza vidole chini ya tanzi hilo akakutana na kitu, akasimama.

"Shika hapa. Taratibu. Hisi."

Ilikuwa kamba. Nene kama kalamu ya wino, urefu wa sentimita tisa. Ilianzia kwenye utando unaoshikilia utumbo, ikavuka kwa hewa tupu mpaka nyuma ya kitovu, na hapo ikajishikiza. Utumbo ulikuwa umepita chini yake kama mbuzi anavyopita chini ya ugo, kisha ukavimba, ukashindwa kurudi.

Filbert alikuwa na mkasi mkononi. Aliusogeza.

"Usikate," alisema daktari. "Nimekwambia uhisi."

Akahisi. Kamba ilikuwa inadunda. Kila mdundo wa moyo wa Waridi ulipita ndani yake.

"Mshipa," alisema Filbert.

"Mshipa. Ungeukata hivyo hivyo tungekuwa tunaogelea." Daktari aliomba uzi. Alifunga upande wa juu, akafunga upande wa chini, akakata katikati. Matone mawili ya damu yalitoka, basi. "Mtoto akiwa na wiki chache tumboni mwa mama yake, kabla kondo halijashika kazi, analishwa na kifuko kidogo kilicho nje yake. Mishipa ya kifuko hicho hupita kitovuni. Kufika wiki ya kumi kazi yake imekwisha, nayo huyeyuka, isibaki hata alama. Huyu, mshipa wake mmoja haukuyeyuka. Ameishi nao miaka kumi na tisa, anaruka kamba, anabeba maji, anaolewa, na utumbo unapita pembeni siku zote. Wiki hii ukapita chini."

"Kwa nini wiki hii?"

"Ukipata anayejua, mlete na mimi nimwulize."

Walilifunika tanzi jeusi kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya moto ya chumvi, wakangoja. Mtoa usingizi alihesabu dakika kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya majina. Baada ya kumi, daktari alifunua. Weusi ulikuwa umerudi kuwa wekundu, karibu kote. Kipande cha sentimita sita, katikati, kilibaki na rangi ya maini. Walingoja kumi nyingine. Kilikuwa bado na rangi hiyo, ila kilipofinywa kilijikunja kidogo.

Daktari alikitazama muda mrefu.

"Nikikikata, naunganisha utumbo uliovimba, na dawa za kuua vijidudu nilizo nazo ni za siku mbili. Nikikiacha na kikafa, kitatoboka, naye atakufa kabla ya Ijumaa. Nakiacha. Lakini sikiliza. Utumbo huu ukiamka, atatoa upepo. Siku ya pili, siku ya tatu. Usipoamka mpaka Jumatano asubuhi, nafungua tena, na hapo sitakuwa na la kuchagua."

Filbert alirudi Kariakoo kwa miguu, saa moja na nusu usiku. Jumatatu na Jumanne alitibu watu wa siku tatu kwa siku mbili.

Jumatano tarehe 17 Machi, saa moja na nusu asubuhi, alikuwa wodini. Alijiambia amekuja kurudisha chupa mbili za dripu alizoazimwa hapo Jumapili. Waridi alikuwa kitanda cha tisa karibu na dirisha, macho yamezama, mpira bado puani. Kwenye kichwa cha kitanda palibandikwa kipande cha boksi: ASIPEWE KITU MDOMONI. Bi Sitara alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, mtu mmoja aliyeruhusiwa kumwangalia mgonjwa. Alikuwa amelala akiwa amekaa, na aliamka hatua za Filbert zilipokaribia.

"Hali yake, mama?"

"Hasemi. Mimi nazungumza, yeye anatazama dari. Nimemwambia, mwanangu, ukitaka kulia lia. Anasema hajambo." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mimi nilizaa wanaume watupu, baba. Huyu ndiye binti wa kwanza kuingia nyumbani kwangu."

Saa mbili daktari alipita na watu watano nyuma yake. Sista Mektilda, muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, aliinama juu ya kitanda.

"Umejamba?"

Wodi ilikuwa na vitanda ishirini na wanne. Vyote vilisikia.

"Hapana," alisema Waridi.

"Jana?"

"Hapana."

"Juzi?"

Akatikisa kichwa. Bi Sitara alikuwa ameinuka na kusimama miguuni pa kitanda, kwa adabu.

Daktari alisikiliza tumbo. Stetoskopu ya wodi ilikuwa nzima sikio moja, na kitanda cha kumi kulikuwa na mtu anayekohoa. "Kuna kitu, au hakuna kitu," alisema. "Joto?"

"Thelathini na saba nukta tisa," alisema Mektilda.

"Saa nne na nusu, chumba cha upasuaji. Mwambieni mume aje atie sahihi."

Filbert alikuwa amesimama kando, macho kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani. Ilikuwa inaonyesha kiasi cha maji yaliyotolewa na mpira kwa kila siku. Jumatatu, mililita elfu moja na mia moja. Jumanne, mia sita. Usiku wa kuamkia leo, mia moja na hamsini. Tumbo alilolipapasa kwa macho lilikuwa limeshuka.

Alimfuata daktari mpaka koridoni.

"Daktari. Karatasi inasema jambo moja na mgonjwa anasema jingine. Kama utumbo umelala, maji ya mpira yasingepungua."

"Mpira unaweza kuwa umeziba."

"Sista ameusafisha saa kumi na mbili. Imeandikwa."

"Na joto? Mgonjwa ndiye mwenye utumbo, bwana Filbert. Namwuliza siku ya tatu sasa, jibu ni lile lile."

"Jumamosi na mimi nilipata jibu."

Daktari alisimama.

"Niliuliza mbele ya mkwe, akasema ndiyo, kwa sababu ndiyo ilimaliza mazungumzo," alisema Filbert. "Leo kaulizwa mbele ya mkwe, na mbele ya wodi nzima, jambo ambalo ni aibu zaidi ya choo. Hapa neno hapana ndilo linalomaliza mazungumzo. Msichana wa pwani aliyefundwa, miezi miwili kwa mume. Atakwambia hajawahi tangu azaliwe."

"Basi mwulize wewe faraghani. Jumapili alikwambia."

"Jumapili nilimwuliza kama hana, akakiri hana. Kukiri kuwa unao ni kitu kingine. Mimi ni mwanamume."

"Mektilda ni mwanamke."

"Mektilda hakumfunda." Filbert alikuwa na dada watatu, wote walichezwa unyago kule Masasi, na kuna mambo ambayo mwanamume hujifanya hayajui. "Lazima ana somo wake. Mwanamke aliyemfunda kabla ya harusi. Huyo hafichwi kitu. Nipe muda nimlete."

Daktari alitazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imesimama, kisha ya mkononi. "Saa nne na nusu naanza. Ukichelewa, utanikuta nimeshika kisu."

Bi Sitara ndiye aliyemtajia. Kuruthumu, anauza viungo soko kuu, ghorofa ya chini kabisa, karibu na ngazi.

Filbert alikwenda kwa miguu kwa sababu foleni ya basi ilikuwa ndefu kuliko njia. Mvua ya kwanza ya masika ilikuwa imepita alfajiri, na maji ya Kariakoo yalikuwa na rangi ya kila kitu kilichowahi kuuzwa Kariakoo. Saa tatu na dakika tano alikuwa mbele ya meza yenye mafungu ya binzari, iliki na pilipili manga. Nyuma yake alikaa mwanamke mnene wa makamo, anasugua meno kwa mswaki wa mti.

"Somo wa Waridi binti Mwinyimvua ni wewe?"

"Nani anauliza? Serikali au mwanamume?"

"Mganga wa zahanati."

"Aaa. Yule wa dawa ya minyoo."

"Ndiye."

"Angalau hukani. Sema."

Alimweleza, kwa maneno machache, bila kupamba. Kuruthumu aliacha kusugua meno.

"Mlimwuliza mbele ya mkwewe?"

"Kila asubuhi. Kwa sauti."

"Nyie mlisomea wapi, porini?" Alitema mate pembeni. "Mimi ndiye niliyemwambia. Siku saba nilimfungia ndani, nikamwambia: kwa mkwe hata chafya yako iwe na adabu. Njaa usiiseme. Tumbo usilitaje. Na hilo jingine, bora upasuke."

"Yuko njiani kupasuka."

Kuruthumu alimtazama, kisha akatazama mafungu yake. "Niliyompa mimi hayaondolewi na nesi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Alimwambia jirani yake aangalie meza, na kwamba amehesabu mafungu yote, asijidanganye. Alivaa baibui, akatangulia ngazini. Alitembea haraka kuliko Filbert.

Saa nne kasoro dakika nane waliingia wodini. Kitanda cha magurudumu kilikuwa tayari kimesimama pembeni mwa kitanda cha tisa, na Zahoro alikuwa ameshatia sahihi. Alisimama dirishani na mikono yenye grisi, hajui aiweke wapi. Kuruthumu alimwamkia Bi Sitara kwa heshima zote, wakaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha, halafu akasema, "Bi mkubwa, nipe mwari wangu kidogo." Bi Sitara akatoka pamoja na Zahoro. Mektilda akavuta pazia.

Filbert alisubiri koridoni. Alisikia sauti ya Kuruthumu, ya chini, mfululizo, kama mtu anayesukuma kinu. Kisha akasikia kitu ambacho hakukitarajia, Waridi anacheka, na papo hapo anaguna kwa maumivu ya mshono.

Kuruthumu alitoka. Daktari Marcelino alikuwa amefika, kofia ya upasuaji kichwani.

"Mara nne," alisema Kuruthumu. "Jana alfajiri mama mkwe alipokwenda kutawadha. Jana adhuhuri. Jana magharibi. Na leo alfajiri. Anajibana mpaka mama atoke kuswali. Amesema leo alijibana hadi jasho likamtoka."

"Mara nne," alirudia daktari.

"Kama mnamdai jingine, amesema atalipa baadaye."

Mektilda alijifanya anakohoa.

"Mama, nashukuru," alisema daktari. "Ila haya ni maneno ya watu wawili. Nataka kitu cha kuandika." Akaingia nyuma ya pazia, na safari hii alimwita Bi Sitara aingie pia, pamoja na Kuruthumu. Filbert alitaka kumzuia, akaona amechelewa, akawafuata.

Daktari aliuliza kwa sauti ya chini. "Waridi. Umetoa upepo?"

Waridi alimtazama Kuruthumu. Kuruthumu aliinamisha kichwa, mara moja. Msichana alifumba macho.

"Ndiyo," alisema.

Bi Sitara aligeuka akatazama nje ya dirisha, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta wa jikoni. "Alhamdulillahi," alisema, polepole, kwa ule ukuta. Kisha, bila kugeuka: "Mwanangu, na mimi pia nina tumbo."

Daktari aliomba stetoskopu ya Filbert, iliyokuwa nzima masikio yote mawili, akamwamuru mtu wa kitanda cha kumi azuie kikohozi. Alisikiliza dakika mbili kamili. Alisikia mngurumo mara tano, wa chini, wa kawaida. Akaubana mpira wa puani kwa koleo, akasema ngojeni saa moja; akitapika au tumbo likijaa, anaingia kwenye kisu. Aliandika kwenye karatasi: *Upasuaji umeahirishwa. Saa 4:25.* Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Filbert aliketi kwenye benchi la koridoni, akalala usingizi akiwa ameshika chupa mbili tupu za dripu. Mektilda alimwamsha kwa kumgusa goti.

Waridi hakuwa ametapika. Tumbo halikuwa limejaa. Joto lilikuwa thelathini na saba nukta mbili. Saa tano na nusu daktari aliuchomoa mpira mwenyewe, akauweka kwenye beseni. Mektilda alileta kikombe cha chai ya rangi, isiyo na sukari kwa sababu sukari haikuwapo. Bi Sitara alikipokea, akakipuliza, akampa mkwewe kijiko kimoja, akangoja, akampa cha pili.

Saa sita kasoro robo Waridi alikuwa amekunywa vijiko sita. Saa saba kasoro robo havikuwa vimerudi.